Sikushukia Moroni

Watu wa kwetu Kathiani wanaamini kwamba mwanamke akistaafu hupewa kazi nyingine papo hapo, na kazi hiyo ni wajukuu. Mimi nilistaafu uuguzi nikiwa na miguu yangu miwili, meno yangu karibu yote, na hasira niliyokuwa nimeiweka akiba kwa miaka mingi. Nilipowaambia kwamba nataka kupanda meli ya mizigo Mombasa, nipite Dar es Salaam, Moroni, Majunga na Tamatave hadi Port Louis, walinitazama kwa huruma. Mmoja akaniuliza kama nimepima presha hivi karibuni.

Jumuiya ya kanisani ilikuja kuniombea. Walikaa kwenye viti vyangu, wakanywa chai yangu, kisha wakamsihi Mungu aniondolee roho ya kutangatanga. Niliitikia amina kwa sababu ya adabu. Nilipokuwa nikiwasindikiza hadi barabarani niliwaambia wasichoke kuomba, maana bahari ni kubwa na maombi hayo nitayahitaji huko mbele. Wawili walicheka. Mwenyekiti wa jumuiya hakucheka, na Jumapili iliyofuata hakunisalimia.

Marehemu mume wangu alikuwa mpishi wa meli. Mkamba wa milimani, asiyejua kuogelea, na maisha yake yote ya kazi yakaishia majini. Alikuwa akija nyumbani mara moja kwa mwaka, mwaka mwingine asije kabisa, na akija alileta redio, vitambaa na hadithi. Majirani walijaa jikoni kwangu kumsikiliza. Alisimulia Majunga na ng'ombe wake wa nundu wanaovuta mikokoteni mpaka gatini. Alisimulia Moroni, ambako meli kubwa haifiki gatini, inatia nanga mbali na mizigo inafuatwa na matishari. Watu walishika midomo kwa mshangao. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, nikisonga ugali wa kuwalisha wote.

Huku nyumbani nilichimba matuta ili mvua isiubebe udongo wetu hadi mtoni. Nililea. Niliamka kwenda zamu hospitalini Machakos na kurudi kukama. Yeye alikula dunia, mimi nikala vumbi. Nilimpenda, sitasema sikumpenda, lakini kumpenda mtu hakukuzuii kuona kwamba sahani yako ni ndogo kuliko yake. Nilimwomba mara moja tu anichukue nami nione. Alikuwa akikata kitunguu. Alisema bila kuinua macho kwamba bahari si ya wanawake, akaomba nimpe chumvi.

Nilimpa chumvi. Miaka ikapita, akaugua, nikamuuguza, tukamzika. Nilimlilia vizuri, hata watu waliokuja kupima machozi yangu waliridhika. Mwaka wa pili nikaanza kuulizia meli.

Siku hizi meli za mizigo zinazochukua abiria ni chache, lakini zipo kwa mtu anayeuliza bila kuchoka. Niliipata moja kuukuu, inayobeba saruji, mchele, vitunguu na magari ya mitumba, na juu yake ina vyumba vichache vya wageni. Wakala wake Mombasa alipopokea simu yangu alidhani namwulizia mwanangu.

"Abiria ni nani, mama?"

"Ni mimi."

"Na huko waenda kwa nani?"

"Siendi kwa mtu. Nasafiri."

Akaniomba cheti cha daktari. Nilimpelekea cheti safi. Kama kuna kitu muuguzi mstaafu anajua kukipata, ni cheti cha daktari.

Kabla sijapanda meli, lazima nieleze habari ya mbuzi, maana safari yangu karibu iishie kwenye kamba za mbuzi watatu.

Binti yangu anaishi Syokimau na mwanamume wake. Wana watoto wawili, wana nyumba, wana gari linaloharibika kila mwezi. Kwa macho ya serikali na ya majirani ni mke na mume. Kwa macho ya Wakamba, bado. Kwetu, mpaka upande wa mwanamume ulete mbuzi wa ntheo nyumbani kwa kina msichana, wapokelewe, mmoja achinjwe, nyama igawanywe kama inavyotakiwa, huyo mwanamke hajaolewa. Anaweza kuwa na mvi kichwani na wazee watamwita msichana wa fulani. Akifa, anarudishwa kuzikwa kwao. Binti yangu, mwenye digrii na watu chini yake ofisini, alikuwa anaumia kwa jambo hilo kuliko alivyokubali kusema.

Tulikaa pamoja, sisi na upande wa kijana, tukakubaliana ntheo iletwe nikirudi kutoka safarini. Shemeji yangu alikuwepo. Yeye ni mdogo wa marehemu, na tangu tumzike kaka yake amejipa kazi ya kuisemea nyumba yangu. Si mtu mbaya. Nilipoanguka kwenye tope mwaka wa mvua kubwa, yeye ndiye aliyenibeba mgongoni hadi zahanati. Ila anaamini nyumba isiyo na mwanamume haina mdomo, kwa hiyo analeta wake. Siku ile alitikisa kichwa akikubali tarehe, akala kuku wangu, akaondoka. Nami nikadhani mambo yamekwisha.

Binti yangu alinipeleka stesheni mwenyewe asubuhi ya safari. Alinibebea begi na kifurushi cha muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, nilichokataa kukiacha. Alikuwa amenuna kidogo, lakini alinikumbatia kwa nguvu. "Mami, usijifanye kijana huko," akasema, nami nikamwambia nitajifanya kadiri nitakavyoweza.

Sasa meli. Sitawadanganya kama marehemu alivyokuwa akiwadanganya majirani. Meli ya mizigo ni karakana inayoelea. Inanguruma mchana na usiku mpaka mwili wako unasahau ukimya. Inanuka mafuta mazito, kutu na vitunguu. Hakuna anayekuburudisha. Unakula na maafisa, kisha unatafuta kona yenye kivuli kati ya makontena na winchi, unakaa, na maji yanapita. Niliipenda tangu siku ya kwanza. Hapakuwa na mtu wa kuniambia uji umeungua.

Chumba jirani alikaa mwanamke wa Kingazija, mfanyabiashara, aliyepanda Dar es Salaam alikokwenda kununua mabeseni ya plastiki, vitambaa na viatu vya watoto. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kwao na changu kilikuwa na lafudhi ya Kathiani, basi tulichekana kila mmoja akiamini mwenzake ndiye anayekosea. Yeye ndiye aliyegundua aibu yangu ya maji.

Mtu aliyelelewa kwetu hamwagi maji. Maji ya kuoga yanafua, ya kufua yanaosha sakafu, ya sakafu yanapewa mmea. Mikono yangu inafanya hivyo yenyewe. Kwa hiyo nilipooga nilikinga maji ya bafuni kwenye beseni na kuliweka chini ya kitanda, yakisubiri soksi. Mhudumu wa vyumba aliyamwaga. Nikayakinga tena. Akayamwaga tena, akinitazama kama mgonjwa. Nikaanza kuyaficha nyuma ya begi. Tulipotoka Dar es Salaam na kuikuta bahari imechafuka, meli ililala upande mmoja, ikalala upande wa pili, na akiba yangu yote ikatembea chumbani, ikapita chini ya mlango, ikamfuata Mngazija mpaka kwenye vitambaa vyake. Alikuja amejifunga leso, amelowa miguu, akaniuliza kama maji ya pale nje hayanitoshi. Tulifuta sakafu pamoja tukicheka mpaka mbavu zikauma. Tangu siku hiyo alikuwa ananiita Bibi Beseni.

Si wote walionichekesha. Kila bandari, maafisa wa uhamiaji walipanda juu kukagua hati, na kila mara macho yao yalinipita yakaenda kwa wengine. Walipogundua kuna pasi iliyobaki, walimwuliza nahodha kama huyu mama ndiye mpishi. Mara ya kwanza nilijibu mwenyewe. "Mpishi alikuwa mume wangu. Mimi ni abiria." Mara ya pili nilijibu kwa sauti kubwa zaidi. Nahodha, Mfilipino mpole mwenye tumbo, alianza kunitambulisha kabla hawajauliza.

Tulifika Moroni asubuhi yenye jua kali. Tulitia nanga mbali na mji, kama marehemu alivyosema, na matishari yakaanza kuja kuchukua saruji. Niliuona msikiti mweupe, nyuma yake mji, nyuma ya mji mlima umejifunika mawingu. Nilisimama ukingoni nikiwa na furaha ambayo ningeona aibu kuionyesha nyumbani. Kisha simu yangu, iliyokuwa imekufa tangu Dar es Salaam, ikakamata mtandao wa kisiwani na kuanza kulia mfululizo.

Alikuwa shemeji.

"Shemeji, habari ya huko majini?"

"Nzuri. Nyumbani?"

"Nyumbani tuko tu. Sasa sikia. Wale watu wa ntheo wanakuja Jumamosi hii."

"Tulisema nikirudi."

"Ee, lakini baba ya kijana amekuwa mgonjwa mgonjwa. Hatuwezi kukalisha watu hivyo. Nimewaambia wakuje."

"Umewaambia wewe."

"Sasa si mimi niko mahali pa ndugu yangu? Na unajua vile sisi hufanya, mama ya msichana akikosa, mbuzi haiingii boma. Kwa hivyo shuka hapo upande ndege. Huko kuko na ndege, nimeuliza."

Alikuwa ameuliza! Mtu ambaye hajui Moroni iko upande gani wa dunia alikuwa ameshaulizia ndege. Hapo ndipo nilipoelewa. Jumamosi ile haikuchaguliwa kwa ajili ya mgonjwa, maana mgonjwa alikuwa mgonjwa tangu Krismasi na wote tulijua. Ilichaguliwa kwa sababu nilikuwa baharini. Kanisa lilishindwa kunizuia kwa maombi, sasa wangenirudisha kwa mbuzi.

"Shemeji, asiyesikia la mkuu unajua humpata nini," akaongeza.

"Huvunjika guu," nikasema. "Guu ni langu."

Nikakata simu. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa nimeridhika sana na jibu langu, kwa muda wa kama kunywa kikombe cha chai. Kisha binti yangu akapiga.

"Mami, si urudi tu?"

"Na wewe pia?"

"Baba mkwe hawezi ngoja sana. Mimi nimechoka. Kila harusi, kila matanga, naambiwa nikae na wasichana. Watoto wangu wameanza kuniuliza." Alikuwa analia, na huyu si mtoto wa kulia. "Bandari utaona zingine. Ntheo yangu ni moja."

Neno hilo liliniingia mpaka ndani. Shemeji ningeweza kupigana naye kutoka Moroni hadi Port Louis na nilale usingizi mzuri. Lakini binti yangu hakuwa amenifanyia hila yoyote. Alikuwa anataka kitu chake, na kitu chake kilikuwa cha haki. Nikamwambia nitampigia.

Nilitelemka chumbani, nikatoa begi, nikaanza kukunja nguo. Mngazija alikuwa anashuka hapo, ndiko kwao, mabeseni yake yalikuwa yameshateremshwa. Alikuja kuniaga akanikuta natia viatu begini. Nilimweleza yote. Akaketi kitandani.

"Mimi nikisafiri, wanangu huoa, huolewa, huzaa," akasema. "Nikirudi naonyeshwa picha."

"Na hawakulaumu?"

"Wananilaumu sana. Halafu wanauliza nimewaletea nini." Akainuka. "Lakini mimi sikwambii kitu, dada. Binti ni wako. Kama washuka, boti yangu ina nafasi, na ofisi ya ndege naijua."

Akaniacha niamue. Nahodha naye akatuma mtu kuuliza kama niondolewe kwenye idadi ya abiria, maana karatasi zilikuwa zinaandaliwa. Nikaomba wanipe muda kidogo.

Nilikuwa nimeshika sweta, nikakumbuka siku binti huyuhuyu alipopewa jina. Kwetu mtoto akipewa jina, baba ndiye anayemvisha shanga. Lazima awe baba, nilivyofundishwa. Lakini baba yake alikuwa Majunga, akiwakaangia mabaharia samaki, na hakuna aliyemtumia hata ujumbe kwamba arudi. Shemeji, wakati huo kijana mwembamba, alizichukua zile shanga akamvisha mtoto mwenyewe. Bibi mmoja aliponung'unika, alimjibu mbele ya watu wote kwamba kaka yake yuko kazini, na kwamba mila si mwamba, mtu akisukuma kidogo inasogea. Watu walimpigia makofi kwa hekima yake. Hata mimi nilipiga makofi, nikiwa na mtoto mchanga mapajani.

Ndivyo mambo yalivyokuwa nyumba ile. Baba hakuwepo mtoto alipopewa jina. Hakuwepo mama yake mzazi alipozikwa. Hakuwepo ntheo ya dada yake ilipopokelewa. Kila mara mila ilisogea ikampisha, na hakuna mbuzi aliyekataliwa langoni. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Safari hii aliyekuwa Moroni nilikuwa mimi, na ghafla mila imekuwa mwamba.

Nilirusha sweta kitandani. Nilipanda juu palipo na mtandao nikampigia shemeji.

"Umesema bila mimi mbuzi hawaingii boma?"

"Ndio mila, shemeji. Si maneno yangu."

"Vizuri. Basi wakija, warudishe."

Mkamba yeyote anajua maana ya kurudisha mbuzi wa ntheo. Ni kuwaambia wakwe kwamba kijana wao amekataliwa. Ni ugomvi unaorithiwa na wajukuu.

"Aiya! Shemeji! Unataka kuniletea vita?"

"Aliyewaita ni nani?"

"Lakini... watu wameambiwa. Wazee wamealikwa."

"Ulipomvisha mtoto shanga ulisema mila ikisukumwa inasogea. Wasukume wazee wako. Ikikataa, warudishe mbuzi, na uwaeleze wakwe kwamba tarehe ulipanga wewe."

Dawa ya moto ni moto. Nilimwacha akihema nikampigia binti yangu, na hiyo ndiyo simu iliyokuwa ngumu. Nilimwambia sirudi. Nilimwambia kwamba nikipanda ndege leo, sitatoka tena Kathiani mpaka nitoke kwa jeneza, maana watakuwa wamejua kamba yangu iko wapi. Nilimwambia mbuzi ni wake, si wa baba yake mdogo wala si wangu, akitaka kuwapokea apokee, akitaka waningoje waningoje, na lolote atakaloamua nitalisimamia mbele ya mtu yeyote.

Kisha akasema, "Sawa, mwaitu," akakata.

Mwaitu ni mama kwa Kikamba, ni neno la heshima. Lakini kwake yeye mimi ni mami. Huniita mwaitu akiwa amekasirika kiasi cha kutotaka hata kunigombeza.

Nilimwambia nahodha aniache kwenye idadi yake. Mngazija alinipungia leso kutoka kwenye boti mpaka nikashindwa kumwona. Jioni tuling'oa nanga, na mtandao ukakatika tukiwa bado tunaona taa za mji.

Nitasema ukweli kuhusu siku zilizofuata. Niliogopa. Nilikaa kwenye kona yangu kati ya makontena nikihesabu hasara. Niliona binti yangu akikaa na wasichana kwenye kila harusi mpaka anazeeka. Niliona baba mkwe akifa kabla mbuzi hawajaletwa, na mimi nikitajwa kwenye matanga yake. Nililia mara mbili, mara moja mezani mbele ya maafisa, wakadhani ni pilipili. Lakini sikujuta. Watu hudhani mwanamke akilia amebadili mawazo. Nililia, nikapangusa macho, nikarudi kutazama maji niliyoyangoja tangu nikiwa msichana wa shule, na maji yale yalikuwa mazuri. Samaki wa kuruka walitoka mbele ya meli kwa makundi. Marehemu hakuwahi kuwasimulia. Labda jikoni kwake hakukuwa na dirisha.

Tulijua tumekaribia Majunga kabla ya kuona nchi, kwa sababu bahari ilibadilika rangi. Maji yalikuwa mekundu kabisa, mekundu kama barabara ya kwetu baada ya mvua. Mabaharia walisema ni mto mkubwa unaoleta udongo kutoka milimani. Nilikasirika palepale. Udongo wote ule! Huko juu kuna watu hawachimbi matuta, au wamechoka kuchimba. Nilimweleza nahodha habari ya matuta kwa muda mrefu, akanisikiliza kwa subira ya mtu ambaye hana pa kukimbilia.

Ilikuwa Jumamosi. Tulitia nanga nje, maafisa wakaja na boti yao. Nahodha aliwaambia kabla hawajauliza kwamba yule mama pale ni abiria, wakanigongea muhuri. Simu nilikuwa nimeishika mkononi tangu alfajiri. Ilipopata mtandao haikulia. Hakukuwa na ujumbe wa shemeji, wala wa binti yangu, wala wa mtu yeyote. Mchana ukafika. Chakula kikaja nikakisukuma pembeni. Nilijua kwamba saa hiyo boma langu Kathiani lina watu, na kwamba lililokuwa la kutokea limeshatokea.

Ilipolia karibu niiangushe majini.

"Mami."

Nilishika chuma cha ukingoni. Aliniita mami.

"Mami, unanisikia? Huku kuna kelele."

Nilisikia kelele kweli. Nilisikia wanawake wakipiga vigelegele, sufuria zikigongana, mtu akiitisha kisu. Binti yangu alikuwa anazungumza haraka, sauti imepanda kama ya mtoto aliyetoka kupigana na kushinda.

Alisema wageni walifika asubuhi wakasimama nje ya lango na mbuzi wao, na mgonjwa wao wakiwa wamemleta kwenye kiti. Shemeji, ambaye binti yangu humwita Nau mdogo, yaani baba mdogo, alikuwa amesimama kwa ndani na wazee wake. Hakufungua. Alianza kuwaeleza wageni, kwa huzuni nyingi, kwamba mama wa msichana amekataa kuja, kwamba mikono yake imefungwa, kwamba kila mtu amlaumu anayestahili kulaumiwa. Jua likawa linapanda. Mgonjwa akaanza kukohoa.

"Nikaona, hii ni nini sasa?" binti yangu akasema. "Nikatoka jikoni. Nilikuwa hata sijavaa viatu. Nikampita Nau mdogo, nikafungua lango mwenyewe. Nikawasalimia. Nikashika kamba za mbuzi zote tatu, nikaziingiza, nikazifunga nyuma ya jikoni yako."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Kwani mbuzi ni za nani?"

Msichana anayepokea mbuzi wake mwenyewe sijawahi kumwona, wala mama yangu hakuwahi kumwona. Nilimuuliza wazee walisema nini.

"Wakaangaliana. Mmoja akaanza kucheka, wale wengine wakashindwa kukasirika. Saa hii wanakula." Alishusha sauti, nikajua shemeji yuko karibu. "Lakini Nau mdogo akasimama mbele ya watu wote. Akaniuliza, sasa mama yako tutamwambia nini? Arudi lini, aambiwe nini?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia hakuna kitu ya kumwambia. Mama ako bahari, na hajamaliza. Siku atarudi, atapata mbuzi zimezaa."